Kuchagua Bunduki ya Wanyama Waharibifu: Mwongozo kwa Wafanyakazi wa Ranchi na Mashamba Marekani

Mwongozo huu ni kwa wasemaji wa Kiswahili wanaofanya kazi kwenye ranchi za ng'ombe na kondoo, au kwenye mashamba ya majani ya mifugo, katika majimbo ya magharibi ya Marekani kama Idaho, Montana, Wyoming na Colorado. Huko, kulinda mifugo na malisho ni sehemu ya kazi. Koyote, mnyama wa jamii ya mbwa, huvizia kondoo wakati wa kuzaa. Kindi wa ardhini hula lusini changa, na vifusi vya mashimo yao huharibu visu vya mashine ya kukatia majani. Kwenye nyanda kavu wapo preridogi, jamii ya kindi hao hao, wanaoishi kwa maelfu kwenye eneo moja. Ipo siku msimamizi atakuuliza kama una bunduki.

Ukienda dukani utaonyeshwa bunduki nyingi, na muuzaji atakusifia ile yenye kasi kuliko zote. Usianzie hapo. Anza na mambo mawili: umbali ambao wewe mwenyewe unaweza kupiga shabaha kwa uhakika, na kilichopo nyuma ya mnyama unayemlenga. Ukishayajua hayo, wengi wenu mtafika pale pale: bunduki ya boliti, yaani inayokokwa kwa mkono kwa kila risasi, inayotumia risasi ya .223 Remington.

Sheria inayomhusu mgeni

Sehemu hii isomwe kabla ya kushika bunduki yoyote, hata ya kuazima. Sheria ya taifa la Marekani inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, ikiwamo viza ya H-2A wanayopewa vibarua wa mashambani, kuwa na bunduki au risasi. Bunduki ikiwa ya mwajiri lakini iko chini ya mamlaka yako ndani ya gari la kazi, wewe ndiwe unayehesabiwa kuwa nayo. Msamaha upo kwa mwenye leseni halali ya uwindaji iliyotolewa Marekani, lakini usiutegemee kwa kuambiwa na mwenzako wa bwenini. Muulize mwanasheria wa uhamiaji kwanza. Mwenye kadi ya kijani, na mtu aliyepokewa nchini kama mkimbizi, hafungwi na katazo hilo la viza.

Yapo makatazo mengine yanayomhusu raia na mgeni sawasawa. Miongoni mwa wanaokatazwa ni aliyetiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai, aliyetiwa hatiani kwa kumpiga mwenzi wake, na mtumiaji wa bangi, hata kama jimbo lake limeihalalisha. Dukani utajaza fomu namba 4473 ya serikali kuu, na umri wa chini wa kuuziwa bunduki ndefu ni miaka 18. Baadhi ya majimbo yanadai zaidi. Jibu kila swali kwa ukweli. Usimnunulie bunduki ndugu au rafiki ambaye haruhusiwi kununua mwenyewe, hata akikulilia. Kwa asiye raia, kutiwa hatiani kwa kosa la bunduki kunaweza kumfanya afukuzwe nchini licha ya miaka yote aliyoijenga hapo.

Neno moja kwa waliotoka kwenye vita au wasiozoea uwindaji. Wengi wa ndugu zetu kutoka Kongo na Burundi waliijua bunduki mikononi mwa askari na waasi, na waliotoka Kenya walikulia katika nchi iliyopiga marufuku uwindaji tangu 1977. Kama hutaki kazi hii, mwambie msimamizi mapema na kwa heshima. Kondoo hulindwa pia kwa mbwa wa ulinzi, kwa uzio wa umeme na kwa kuwaingiza zizini usiku. Na anayeikubali kazi ahudhurie kwanza mafunzo ya usalama wa wawindaji yanayosimamiwa na idara ya wanyamapori ya jimbo lake.

Risasi zenyewe

Inayojulikana zaidi ni .22 ndogo ya ukingo, ambayo kemikali yake ya kuwashia imepakwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda. Ni nafuu, kishindo chake ni kidogo, na kwa kindi aliye ndani ya yadi 75 inatosha kabisa. Mbele ya hapo nguvu yake hupungua haraka. Tena kichwa cha risasi hiyo huenda polepole kiasi kwamba kikigonga jiwe mara nyingi hakipasuki. Huruka na kwenda upande usioutaka.

Risasi ya fataki ya katikati ina kidonge cha fataki kilichopachikwa katikati ya kitako cha ganda. Ganda lake ni imara zaidi, hubeba baruti nyingi zaidi na kustahimili shinikizo kubwa. Kichwa chake chepesi hutoka kwa kasi kubwa, huenda karibu na mstari ulionyooka, na kile kilichotengenezwa kwa wanyama wadogo hupasuka vipande kinapogonga.

.22 Hornet ilianza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kasi yake ni kama mita 820 kwa sekunde, na inafaa hadi yadi 150 hivi. Kishindo chake si cha kutikisa madirisha, kwa hiyo kwenye shamba dogo lenye majirani ina heshima yake. Tatizo ni risasi: ni adimu katika maduka ya vijijini, na bei yake iko juu.

.223 Remington iliingia sokoni 1964, ikiwa pacha wa risasi ya bunduki ya kijeshi ya M16. Undugu huo ndio faida yake kubwa kwa mtu anayeishi kwa mshahara, kwa sababu viwanda vinaitengeneza kwa wingi kupita risasi nyingine za kundi hili, bei inashuka, na hata duka dogo linalouza misumari na chumvi ya ng'ombe huwa nayo. Kichwa cha greni 55, yaani gramu 3.6, hutoka kwa kama mita 990 kwa sekunde. Inamtosha kindi, inamtosha koyote.

.22-250 Remington ilitengenezwa kwa mikono na wapenzi wa bunduki kwa miaka mingi kabla kiwanda hakijaipokea 1965. Kichwa kile kile cha greni 55 hufikia mita 1,120 kwa sekunde. .204 Ruger, ya 2004, hurusha kichwa cha greni 32 kwa karibu mita 1,290. Hizi ni risasi nzuri za mahali pa wazi. Lakini tazama wanachokipata wenye nazo: ukirekebisha darubini kwa yadi 200, .223 huwa imeshuka kama sentimita 18 ifikapo yadi 300, na .22-250 kama sentimita 13 au 14. Tofauti ni upana wa vidole vitatu. Upepo wa pembeni wa maili 10 kwa saa huisukuma .223 zaidi ya sentimita 20 kwenye umbali huo, na .22-250 nayo husukumwa pungufu kidogo tu. Asiyejua kuusoma upepo atakosa kwa zote mbili. Kwa faida hiyo ndogo, .22-250 huunguza baruti inayozidi ya .223 kwa karibu nusu, hupasha mtutu moto haraka na kuuchakaza mapema. Risasi zake nazo ni ghali, na mtu hupunguza mazoezi anapoanza kuhesabu bei ya kila mlio. Nimeona wafanyakazi wazuri wakiingia kwenye mtego huo, na ndiyo sababu ninasisitiza.

Za kipenyo cha .17 nazipita, maana upepo huzichezea na tundu la mtutu wake ni dogo mno kusafisha kwa urahisi. .243 Winchester, ya 1955, ni ya kufikiriwa na anayetaka bunduki moja ya koyote na ya paa wa nyama. Ina teke zaidi na haifai kufyatuliwa mchana kutwa.

Onyo kuhusu maandishi: bunduki iliyochorwa .223 Remington kwenye mtutu isilishwe risasi zilizoandikwa 5.56 NATO. Zinaingia na kufunga bila kuonyesha kasoro, lakini shinikizo linaweza kupita kiwango.

Mifereji, kichwa na risasi ya shaba

Ndani ya mtutu kuna mifereji inayokizungusha kichwa cha risasi kisipinduke hewani. Uliza inakamilisha mzunguko mmoja kwa inchi ngapi. Kichwa kirefu kinahitaji mzunguko wa haraka. Kwa .223, inchi 12 inafaa vichwa vyepesi tu. Inchi 9 inabeba vile vya greni 40 hadi vya karibu 70, nami ndiyo ninayoipendekeza. Inchi 8 au 7 ni ya vizito zaidi. Jambo hili linazidi kuwa na uzito kwa sababu ya risasi zisizo na madini ya risasi ndani yake. Tai na ndege wengine wanaokula mizoga hudhurika kwa vipande vya madini hayo, na California imeyakataza katika uwindaji wote tangu Julai 2019. Kichwa cha shaba tupu ni kirefu kuliko cha uzito ule ule chenye madini hayo, hivyo mtutu wenye mzunguko wa inchi 12 au 14 unaweza kukikataa.

Nunua vichwa vya ngozi nyembamba vilivyotengenezwa kwa wanyama waharibifu. Usitumie vile vya kijeshi vilivyofunikwa shaba kote: hupenya mnyama bila kupasuka, humwacha akimbie na jeraha, na huruka vikigonga mawe.

Bunduki mkononi

Anayetembea au kushuka garini mara kwa mara achukue yenye mtutu wa kawaida, kilo 3 au zaidi kidogo. Anayekaa kwenye benchi pembeni ya shamba la lusini asubuhi nzima atafaidika na mtutu mnene, hata bunduki ikifika kilo 5. Mtutu wowote ukishindwa kuugusa kwa kiganja, simama uache upoe. Angalia kama kitako kinakaa begani bila kunyoosha shingo, na kama kifyatulio kinaachia bila kukokota. Usimalize pesa zote kwenye bunduki. Darubini duni huhama yenyewe, na utailaumu bunduki bure. Weka pia bajeti ya kinga ya masikio na miwani, kwa kuwa mlio mmoja tu wa .223 una ukali wa kuumiza masikio moja kwa moja. Na nyumbani, bunduki ifungiwe mahali pasipofikiwa na mtoto, risasi zikae kwingine.

Kwenye uwanja

Usimpige mnyama aliyesimama kwenye ukingo wa kilima huku nyuma yake kukiwa anga. Kichwa kidogo cha .223 kinaweza kusafiri zaidi ya kilomita 2, na hujui ni nani anarekebisha mabomba ya umwagiliaji upande wa pili. Subiri ashuke mpaka udongo uwe nyuma yake.

Mjue mnyama kwa hakika. Kindi wa ardhini aitwaye “wa kaskazini ya Idaho” yuko kwenye orodha ya taifa ya wanyama walio hatarini tangu 2000, naye hufanana na jamaa zake wa kawaida. Preridogi wa Utah analindwa pia. Koyote ana kilo 9 hadi 20; mbwa mwitu mkubwa wa Marekani ana mara mbili ya hapo au zaidi, na Colorado iliwarudisha Desemba 2023 chini ya ulinzi wa sheria. Ukiwa na shaka, shusha mtutu. Mizoga ya kindi na preridogi usiishike kwa mikono mitupu, kwani viroboto wao hueneza tauni, na mbwa wa shamba asiachwe kuichezea.

Ukishanunua, chukua boksi za risasi za aina tatu tofauti ujue mtutu wako unapenda ipi. Piga tano tano kwenye karatasi ya yadi 100, kisha rekebisha darubini kwa yadi 200 ukitumia ile iliyokusanyika vizuri. Baada ya hapo kata vipande vya boksi vyenye upana wa sentimita 8, vipange kila yadi 50, na upige ukiwa umekaa au umelala jinsi utakavyokuwa kazini. Umbali wa mwisho ambao zote tano zinaingia ndio mpaka wako. Uandike kwenye utepe na uubandike kwenye kitako, na uupime upya kila mwanzo wa msimu na kila bunduki inapoanguka.