Unauza milango ya chuma mtandaoni? Mchoro kwanza, kukata baadaye

Somo la leo ni la sisi tunaouza milango, madirisha na mageti ya chuma kwa WhatsApp na Facebook.

Mimi fundi wangu yuko Kasulu, wateja wangu wengi wako Kibondo. Mlango ukishapanda Fuso haurudi kirahisi. Ukifika ukagoma kuingia ukutani, mteja anadai hela yake, fundi anadai ya kwake, na wewe umebanwa katikati. Kinga yako ni karatasi moja tu: mchoro wa karakana. Picha aliyokutumia mteja inaonyesha anachopenda. Haimwambii fundi akate wapi.

Kigoma tunaijua kazi ya kutengenezea huku na kufungia kule. MV Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaja kuunganishwa Kigoma na kushushwa ziwani mwaka 1915. Kazi ya namna hiyo huwezi kuibeba kichwani. Mlango wako ni mdogo, lakini kanuni ni ileile.

Sasa tufuate mlango mmoja, hatua kwa hatua.

1. PIMA TUNDU LA UKUTA
Mteja apime upana mara tatu: chini, katikati na juu. Nyumba nyingi huku ni za tofali za kuchoma, kuta hazinyooki sana. Akikupa 912, 905 na 908, wewe shika ndogo: 905. Urefu apime kushoto na kulia. Tuseme ndogo ni 2100. Halafu apime kona kwa kona mara mbili. Vipimo hivyo vikipishana, tundu limepinda, lirekebishwe kwanza. Uliza pia: plasta imeshapigwa? Vigae vitawekwa? Vyote viwili vinakula nafasi.

2. ANDIKA MILIMITA TU
"Futi 3 kwa 7" ni jina la mlango. Futi 3 ni milimita 914, futi 7 ni 2134. Kwenye tundu letu la 905 kwa 2100 mlango huo hauingii hata ukiupiga nyundo.

3. TOA NAFASI YA KUFUNGIA
Toa 10 kila upande na 10 juu. Fremu yetu sasa ni 885 kwa 2090.

4. CHORA UKIWA KAMA UMESIMAMA NJE
Daftari na rula vinatosha. Andika: bawaba upande gani, mlango unafungukia ndani au nje, kitasa kiko juu kiasi gani kutoka sakafuni, paipu ya ukubwa gani na unene gani. Huu wetu ni paipu ya mraba 40 kwa 40, unene 1.5. "Kushoto" bila kusema umesimama wapi ni ugomvi unaosubiri siku yake.

5. ORODHA YA KUKATA (hapa ndipo faida ilipo)
Kipande cha juu cha fremu kinakaa katikati ya nguzo mbili. Kwa hiyo si 885. Ni 885 toa 80, yaani 805. Nguzo ni mbili za 2090.

Mlango wenyewe unahitaji kupumua: acha 4 kila upande, 4 juu na 10 chini. Unabaki 797 kwa 2036. Hapo unakata nguzo mbili za 2036 na vipande vitatu vya kulala vya 717.

Sasa panga kwenye paipu:
Paipu ya 1: 2090 + 2090 + 805 + 717 = 5702
Paipu ya 2: 2036 + 2036 + 717 + 717 = 5506

Paipu mbili zinatosha, hata kama ya dukani ina mita 5.8 badala ya 6 (pima kabla ya kulipa). Fundi akikata bila orodha, akamaliza vipande vya fremu kwanza kisha akatupa kile kilichobaki, kile kipande cha tatu cha 717 kitakosa mahali. Utanunua paipu ya 3, na hela hiyo inatoka kwenye faida yako.

Kwa bati, shiti moja ya futi 4 kwa 8 inatosha. Ikiwa ya unene 1.5, mlango mzima na fremu yake unakaribia kilo 40 bila bawaba na kitasa. Sasa unaweza kuuliza nauli ya gari kabla ya kumtajia mteja bei.

6. IDHINI KWA MAANDISHI
Piga picha mchoro, mtumie mteja, aandike "nimekubali". Ndipo upokee advansi. Akibadilisha kitu, chora upya, andika "toleo la 2" na tarehe, kisha karatasi ya zamani ichanwe mbele ya fundi. Michoro miwili karakanani ni hatari kuliko kutokuwa nao kabisa.

Chukua oda uliyonayo leo, hata kama ni grili ya dirisha dogo, uichore kabla fundi hajawasha grainda. Chuma ukishakata umekata. Karatasi unaifuta kwa raba.