Kamera Mwambani: Masasi na Newala Baada ya Masika

Nenda mwishoni mwa Mei au Juni. Mvua za kusini mwa Tanzania ni msimu mmoja tu, zinaanza kati ya Novemba na Desemba na kwisha Aprili. Zikikatika, hewa inakuwa safi, majani bado mabichi, na kusi inapoza jua. Subiri hadi Agosti uone: mashamba yanachomwa, moshi unatanda, na bonde la mto Ruvuma linageuka kijivu. Picha ya kijivu haina dawa, hata kamera iwe ya mamilioni.

Masasi na Newala zihesabu kama safari mbili. Masasi ni miamba, vilima vya mawe vilivyochomoza peke yake kwenye tambarare, Mtandi na Mkomaindo vikiwa maarufu zaidi. Newala ni ukingo. Uwanda wa Makonde unakatika ghafla na macho yanashuka hadi Ruvuma, ng'ambo ikiwa Msumbiji. Wanyama wa mwambani watafute Masasi. Ndege wanaoelea na mandhari vitafute Newala. Ipe kila moja siku yake.

Anza ofisini, si mlimani. Jioni ya kuamkia siku ya kupanda, pita kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa. Shikamoo kwanza, kamera baadaye. Sema unachotaka kupiga, omba kijana anayeujua mlima, na mkubaliane malipo hapohapo. Uliza pia kama kuna sehemu za matambiko, na ukiambiwa hapapitwi, usipite. Chini ya Mtandi lipo kanisa kuu la Anglikana, kwenye misheni iliyoanza mwaka 1876. Siku ya ibada usikatize uani na tripodi begani.

Maji beba mwenyewe, lita tatu kwa mtu. Uwanda wa Makonde ni mchanga unaokunywa mvua yote, na shida ya maji huko ni ya miaka mingi. Usitegemee kuomba kwa watu kitu wanachokihangaikia wenyewe.

Viatu viwe na soli ya mpira inayong'ata jiwe. Mwamba mkavu unashika vizuri. Mwamba wenye weusi wa ukoga, pale maji ya mvua yalipokuwa yakichuruzika, unateleza kama sabuni, kwa hiyo zunguka. Kamera ikae mgongoni wakati wa kupanda, mikono yote miwili iwe huru. Na kabla hujapanda jiwe, tazama utakapoteremkia. Kupanda ni rahisi kuliko kushuka, na wengi hulijua hilo wakiwa juu.

Usitie mkono kwenye ufa usiouona ndani. Kifutu hulala humo. Nyuki nao hujenga kwenye nyufa za juu, kwa hiyo usijipulizie manukato, na ukisikia mvumo, rudi nyuma kimyakimya.

Juni jua linachomoza kama saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Uwe umeshakaa kabla ya hapo. Mwanga mzuri ni hadi saa mbili na nusu hivi. Baada ya hapo jiwe linaanza kutoa joto, hewa inacheza, na picha ya mbali inatoka kama imepigwa kupitia mvuke. Wengi hulaumu lenzi. Lenzi haina kosa.

Sasa pimbi, maana ndiye atakayekupa picha za uhakika Masasi. Usimtafute yeye, tafuta choo chake. Pimbi hukojoa mahali pamoja miaka nenda rudi, na mkojo ukikauka unaacha michirizi myeupe kwenye jiwe inayoonekana toka mbali. Ukiiona, kaa hatua thelathini hivi, upande wa chini ya upepo, jua likiwa mgongoni mwako. Watakuwa wamekuona na wote wamejificha. Tulia. Usisimame, usibadilishe lenzi, usipokee simu. Baada ya robo saa au zaidi atatoka mmoja kulinda, na asipopiga kelele wengine watafuata. Asubuhi ya kusi wana baridi kama wewe, jua wanalihitaji. Watajipanga juu ya jiwe kuota, wadogo wakiwa juu ya migongo ya wakubwa. Piga hapo.

Shuka usawa wa macho ya mnyama. Lala kifudifudi ikibidi. Picha ya mnyama iliyopigwa kutoka juu inamfanya aonekane kama kitu kilichodondoka. Lenga jicho, si mwili. Jicho likiwa kali, mengine yanasameheka.

Mijusi wa mwambani hawahitaji subira hivyo. Dume hupanda jiwe la juu na kutikisa kichwa, na ukimfukuza hurudi palepale. Weka kamera tayari pale alipokuwa, umngoje. Mshubiri uliotoa maua nao ni wa kukaa karibu. Chozi anakuja, anakunywa, anaondoka, kisha anarudi kwenye ua lilelile.

Una simu tu? Inatosha. Usivute picha kwa vidole, maana hiyo si kukuza, ni kukata. Piga mnyama akiwa mdogo ndani ya mandhari yake: pimbi mmoja, jiwe kubwa, tambarare nyuma. Bonyeza na ushikilie skrini hadi mwanga ujifunge, kisha punguza mwanga kidogo ili anga isiungue. Ukipata darubini ya kuazima, weka kamera ya simu kwenye kioo chake cha jicho. Inahitaji mkono uliotulia, lakini inafanya kazi.

Wenye lenzi ndefu, spidi ya shata isishuke chini ya 1/1000 kwa ndege. Acha ISO ipande. Chembechembe zinavumilika, ukungu wa mtikisiko hauvumiliki.

Newala, vaa sweta. Alfajiri ukingoni kuna baridi na upepo, na mara nyingi ukungu umejaa bondeni. Nenda mapema pale ukingoni panapoitwa Shimo la Mungu, upige ukungu ukiwa bado umelala. Halafu usiondoke. Kuanzia saa tatu au nne ardhi inapata joto, hewa inapanda ukutani mwa bonde, na pungu na mwewe wanapanda nayo. Kwa kawaida ndege hawa unawapiga matumbo toka chini. Hapa wanapita usawa wa uso wako, pengine chini yako, na unapata mgongo na mabawa yote. Sidhani kama kusini kuna mahali rahisi zaidi pa kupata picha hiyo bila gari la safari.

Ukipita kwenye mikorosho Juni hadi Agosti, chunga salfa. Wakulima huipuliza alfajiri umande ukiwa bado majanini, saa ileile unayoitaka wewe. Funga begi na zunguka. Kwa lenzi ni mbaya, kwa mapafu ni mbaya zaidi.

Usiteremke Ruvuma na lenzi ndefu bila kuaga. Ule ni mpaka. Askari, vizuizi na Daraja la Umoja pale Mtambaswala usivipige bila ruhusa. Droni inataka kibali kabla hujatoka nyumbani. Ukitaka wanyama wakubwa wa pori la akiba la Lukwika-Lumesule, wasiliana mapema na TAWA, mamlaka ya wanyamapori, usiende kubahatisha getini.

Ukishuka, lipa kijana wako mlichokubaliana, na umtumie picha mbili tatu kwa WhatsApp siku hiyohiyo. Anapita mlimani kila wiki, wewe hupiti. Tai akijenga kiota, yeye ndiye atakayekupigia simu.