Haki ya Mjane ni Msingi wa Amani

Msafiri atokaye Morogoro kwenda Iringa, akisha kuupanda mlima Kitonga, hufika Ilula, nchi ya nyanya na vitunguu. Kando ya barabara huona matenga yaliyojaa mavuno. Mikono iliyopanda miche ile, ikaipalilia na kuimwagilia, mingi ni mikono ya akina mama. Lakini tukiuliza shamba ni la nani, mara nyingi jina la mama halitajwi. Mume akiwa hai, jambo hilo halionekani kuwa zito. Siku akifa, ndipo uzito wake unapojulikana.

Mkoa wa Iringa umeonja msiba huo kwa wingi. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2007-2008, Njombe ikiwa bado sehemu ya mkoa huo, ulionyesha kwamba katika kila watu 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49, wapatao 16 walikuwa na virusi vya UKIMWI. Hakuna mkoa uliouzidi. Nyumba nyingi zilibaki bila baba. Na mara matanga yakiisha, huweza kusikika neno hili: "Shamba ni la ukoo." Mjane hunyamaza, na majirani husema, "Afadhali anyamaze, pawe na amani."

Je, wasomaji wapenzi, hiyo ni amani? Papa Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa tarehe 11 Aprili 1963, alifundisha kwamba amani husimama juu ya ukweli, haki, upendo na uhuru. Basi penye mjane aliyenyang'anywa shamba pana ukimya tu, na ukimya si amani.

Tufungue Kitabu cha Hesabu, sura ya 27. Selofehadi alikufa jangwani bila mtoto wa kiume. Binti zake watano hawakutukana mtu, wala hawakukaa hemani wakilia. Walikwenda pamoja, wakasimama mbele ya Musa, kuhani na mkutano wote, wakaomba fungu la baba yao. Musa akalipeleka neno lao kwa Mungu, na Mungu akasema wamenena haki. Hapo twajifunza mambo mawili: walisema kwa adabu, na walikwenda pamoja.

Nchi yetu nayo imefungua mlango. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inatamka kwamba mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Sheria hiyo hiyo yaagiza kwamba katika wajumbe saba wa Baraza la Ardhi la Kijiji, watatu wawe wanawake. Lakini tusidhani kwamba maandiko ya sheria yatosha. Amri ya mwaka 1963 iliyoandika mila za urithi ilisema kwamba mjane hana fungu katika urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Mwanamke asimamaye peke yake mbele ya maneno kama hayo huchoka upesi.

Hapo ndipo imani ya akina mama Wakristo inapotakiwa kuwa tendo. Chama cha Wanawake Wakatoliki Tanzania, WAWATA, kimekuwapo tangu mwaka 1972, na jumuiya ndogo ndogo zimo vijijini mwetu. Akina mama hao hupika msibani, hukesha na kusali rozari. Ni kazi njema. Lakini yafaa waendelee hata baada ya matanga.

Kwanza, wafundishane sheria katika mikutano yao, kama wanavyofundishana sala. Pili, mjane akiitwa barazani au mahakamani, wenzake wawili watatu wamsindikize, ili wasikie na kushuhudia. Tatu, mama mwenye busara akipendekezwa kuwa mjumbe wa baraza, asikatae kwa haya; kiti kile ni utumishi. Nne, wawaendee ndugu wa marehemu kwa upole kabla ugomvi haujawaka, maana hao nao wamefiwa.

Nanyi akina baba, msingoje kifo kiwafundishe. Andikeni wosia mapema. Hati ya shamba ikitolewa, jina la mkeo liandikwe pamoja na lako. Yeye aliyeinama nawe katika matuta, kwa nini afukuzwe humo kama mgeni?

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mkristo hana ruhusa hata ya kumnyonga. Katika Injili ya Luka, sura ya 18, Bwana wetu alimweka mbele yetu mjane aliyemwendea kadhi dhalimu pasipo kuchoka, mpaka akapata haki yake. Mjane yule alikwenda peke yake. Wajane wa parokia zetu wasiende peke yao.