Kishikwambi Katika Shule za Milimani

Mtoto wa Mgwashi, katika milima ya Usambara wilayani Lushoto, mara nyingi hukua akisikia Kishambaa nyumbani, na Kiswahili chenyewe hukutana nacho kwa saa nyingi mfululizo siku ile anapoingia darasani. Tena njia za huko ni za kupanda na kushuka. Mvua ikishika siku kadhaa, mwenye miguu midogo hukosa masomo. Mzazi wa mahali kama hapo akiambiwa kwamba kuna kibao cha kioo kiwezacho kumfundisha mwanawe kusoma, ana haki ya kuuliza mambo mawili: Je, ni kweli? Na mwalimu wetu atakuwa nani?

Maswali hayo si ya kukisia, maana jaribio kubwa la jambo hilo lilifanywa katika mkoa huo huo wa Tanga.

Mnamo Septemba 2014 shirika la XPRIZE la Marekani lilitangaza shindano. Washindani walitakiwa watengeneze programu ambayo watoto wangeweza kujifundisha wenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu kwa muda wa miezi 15, pasipo mwalimu. Fedha za zawadi, dola milioni 15, zilitolewa na tajiri Elon Musk. Karibu vikundi 200 vilijiandikisha, vikabaki vitano: onebillion ya Uingereza na Kenya, Kitkit School ya Korea Kusini na Marekani, Chimple ya India, na viwili vya Marekani, yaani CCI na RoboTutor ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Kampuni ya Google ikatoa vishikwambi. Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani wakashirikiana kuvifikisha vijijini. Tangu mwishoni mwa mwaka 2017 hadi mwanzoni mwa 2019, watoto karibu 3,000 wa vijiji 170 walivitumia, navyo vilitiwa nguvu kwa umeme wa jua. Lugha ilikuwa Kiswahili.

(Neno hili “kishikwambi” ni changa, na wazee wengine hulicheka. Lakini kalamu na kitabu navyo vilikuja na majina ya kigeni, wala leo hakuna anayeyacheka.)

Basi, matokeo yalikuwaje? Kabla ya kuanza, watoto 74 katika kila 100 walisemwa kuwa hawajapata kwenda shule kamwe. 80 katika 100 hawakuwahi kusomewa kitu chochote nyumbani. Na zaidi ya 90 katika 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya ile miezi 15, hesabu ya wasioweza kusoma hata neno moja ilipungua kwa nusu. Katika hesabu, programu zote tano zilifaa wasichana na wavulana sawasawa. Tarehe 15 Mei 2019, onebillion na Kitkit School waligawana ushindi.

Habari hiyo ilitangazwa ulimwenguni kwa shangwe, na shangwe hiyo ilistahili. Watoto ambao hawakuwa na darasa walijua kusoma. Walakini yatupasa tuzitazame hesabu hizo pande zote mbili. Nusu ya tisini ni arobaini na tano. Maana yake, baada ya mwaka mmoja na robo wa kushika mashine nzuri kuliko zote zilizoshindanishwa, watoto wapatao wanne au watano katika kila kumi walikuwa bado hawawezi kusoma neno moja. Hao nao ni watoto wetu, na mashine haikuwafikia. Kwa nini? Sababu za kila mtoto ni zake: huyu macho, yule njaa, yule mwingine haya. Mashine hutoa sauti ile ile kwa wote. Mtu aliyepo ndiye awezaye kusema, “Mwanangu, sogea hapa mbele, mbona wakunja macho?”

Tusiidharau mashine kwa hilo. Liko jambo moja ambalo hakuna mwalimu wa darasa la watoto themanini awezaye kulifanya, nalo ni kumrudia mtoto mmoja silabi “nya” mara arobaini bila kuchoka wala kuinua sauti. Kishikwambi chaweza. Humngoja aliye mzito na kumwachia aliye mwepesi aendelee. Mtoto akikosea, hujua papo hapo. Hangoji daftari lirudi kesho kutwa lina alama nyekundu asizozielewa. RoboTutor ilidiriki hata kusikiliza mtoto akisoma kwa sauti yake mwenyewe. Lakini hapo pana ugumu wake kwa mtoto wa milimani. Aonyeshwe picha ya maji, naye, kwa ulimi wa mama yake, aseme “mazi”. Mashine iliyofundishwa Kiswahili tu itamhesabia kosa. Mwalimu aliyeishi na Washambaa atajua kwamba mtoto amejua kitu, akakosa herufi, naye atajenga juu ya kile akijuacho.

Tena Tanzania si mgeni wa mambo haya ya kufundisha kwa mitambo. Mwaka 1973 nchi nzima ilisikia kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi kusikiliza, na baadaye vyoo vilichimbwa na maji yakachemshwa. Aliyefikiri kwamba redio peke yake ndiyo iliyofanya kazi hiyo hakuona kikundi kilivyokaa. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa na kitabu kidogo mkononi. Sauti ikiisha, watu walizungumza na kukata shauri la kufanya. Redio zenyewe zilikuwapo kabla ya mwaka huo, nazo zilipiga muziki.

Sasa tuje kwa mwalimu wa leo. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, Serikali ilianza kugawa vishikwambi kwa walimu na watumishi wa elimu, karibu 300,000, vingi vikiwa ni vile vile walivyotumia makarani wa Sensa. Kwa hiyo katika shule nyingi za vijijini chombo kimekwisha kufika. Lililobaki ni matumizi. Na matumizi ya kishikwambi kimoja mbele ya watoto wengi hayafanani na yale ya mtoto mmoja na kibao chake. Mwalimu akikiinua mbele ya darasa wakione wote, waliokaa nyuma wataona mwanga tu. Afadhali afundishe kwanza kwa ubao na chaki kama siku zote, kisha awagawe watoto katika vikundi vya watano au sita. Kikundi kimoja hutazama na kusikiliza kwa dakika chache, vingine huandika au husomeana, kisha hubadilishana. Mwishowe chombo hufungwa, na mwalimu huuliza maswali pasipo chombo. Swali hilo la mwisho ndilo kipimo, kwa maana mtoto huweza kugusa jibu sahihi katika kioo kwa kukariri mahali lilipo, wala asijue kwa nini ni sahihi.

Maandalizi hayana budi kufanywa kabla. Mwalimu asiyekuwa na mtandao shuleni hupakua somo akiwa mjini au juu ya kilima penye mawasiliano, akalihifadhi ndani ya chombo. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandaoni. Mahali ambapo watoto wanne hugombea kitabu kimoja, kupata nakala hiyo ni msaada wa kweli. Na chombo kikiharibika katikati ya somo, somo liendelee. Mwalimu ambaye somo lake hufa pamoja na betri alikuwa amemwachia mgeni funguo za nyumba.

Maonyo hayakukosekana ulimwenguni pia. Taarifa ya UNESCO ya mwaka 2023 juu ya teknolojia na elimu ilisisitiza kwamba vyombo hivi visichukue mahali pa mazungumzo ya uso kwa uso baina ya mwalimu na mwanafunzi, na ikataja kuwa karibu nchi moja katika kila nne zilikuwa zimepiga marufuku simu za kisasa shuleni. Marufuku hizo zina maana yake, maana simu ile ile iliyo na somo la hesabu ina michezo na picha za kila namna, na mtoto hahitaji kufundishwa njia ya kwenda huko.

Hapa ndipo neno hili linapowahusu wazazi. Irudieni ile hesabu ya watoto 80 katika 100 ambao hawakuwahi kusomewa nyumbani. Hesabu hiyo haikuletwa na umaskini wa vyombo peke yake. Baba mwenye simu, anayesoma habari za mpira kila jioni kimya kimya, aweza kusoma aya moja kwa sauti, mtoto akafuata kidole chake. Mama asiyejua kusoma aweza kumwambia mtoto, “Nisomee wewe,” na mtoto akasoma kwa fahari kuliko mbele ya mwalimu mkuu. Yafaa pia mzazi aulize shuleni, kwa adabu, kishikwambi cha mwalimu hutumika katika masomo gani, na kikao cha kamati ya shule kizungumze ni nani atakayelipia bando, kwa sababu katika shule nyingi mwalimu hulilipia kutoka mfukoni mwake.

Programu zote tano zilizofika mwisho wa shindano ziliwekwa wazi mwaka 2019, kwa Kiswahili na Kiingereza, ili yeyote azichukue na kuzirekebisha bila malipo. Vijana wetu wanaosomea kompyuta vyuoni, nao wakiwamo watoto wa Lushoto waliolelewa kwa Kishambaa, wanaweza kuzifungua na kuzifundisha kwamba mtoto asemaye “mazi” yu karibu sana na “maji”.