Uso Kwanza, Gauni Baadaye: Kupiga Picha za Ndoa Kanisani

Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza wanunue lenzi gani kabla ya harusi yao ya kwanza ya kanisani. Nami huwauliza: kanisa gani, na ndoa inafungwa saa ngapi? Lenzi ina umuhimu wake, nitaifikia. Lakini kanisa lenye vioo vya rangi nyuma ya altare, zulia jekundu katikati, taa za tyubu darini na madirisha makubwa upande mmoja tu, lina mwanga wa kila namna ndani ya chumba kimoja, na kila namna inaivuta rangi ya uso kwake. Giza peke yake halinisumbui, kwa sababu kamera za siku hizi zinaona gizani vizuri sana. Kinachoharibu picha za kanisani ni taa nyingi kugombania uso mmoja. Kazi yangu mle ndani ni kuchagua mwanga mmoja wa kumpa bibi harusi, kisha kuizima mingine, kuikwepa, au kuipatanisha na huo niliouchagua.

Uchaguzi huo siufanyi siku ya harusi. Naenda kanisani Jumamosi ya kabla yake, saa ileile ya ndoa. Nasimama pale watakaposimama maharusi, nanyoosha mkono na kutazama mgongo wake huku nikizunguka polepole. Ngozi yangu nyeusi inanieleza yote: upande huu mishipa inajitokeza kwa mng'ao laini wa dirishani, upande ule inafifia na kuwa ya kijani kwa sababu ya tyubu. Naangalia jua linaingilia wapi na litakuwa limehamia wapi saa moja baadaye. Sote tunajua kwamba ndoa iliyopangwa saa nane haianzi saa nane. Mwali wa jua ulioangukia ngazi za altare nilipokuja kukagua unaweza kuwa umehamia usoni kwa msimamizi wakati wa viapo.

Siku hiyohiyo namtafuta mchungaji au padri. Mazungumzo yenyewe huwa mafupi.

“Shikamoo, Baba Mchungaji.”

“Marahaba. Wewe ndiye wa picha?”

“Ndiye mimi. Nimekuja kuuliza mipaka mapema.”

“Flashi wakati wa viapo sitaki. Na pale altareni usipande.”

“Sawa, Baba. Wakati wa pete naweza kusogea hadi benchi la kwanza?”

“Sogea, ila ukifika hapo utulie.”

“Na hizi tyubu za pembeni, zikizimwa ibada itaharibika?”

“Hapana. Ongea na mzee wa kanisa, atakuonyesha swichi.”

Swali hilo la mwisho ndilo lenye thamani kuliko yote, na wapiga picha wengi hawaliulizi. Wachungaji wanajali utulivu wa ibada. Taa ya pembeni haiwahusu sana. Ukizima safu moja ya tyubu iliyo juu ya maharusi na kuuachia mwanga wa dirisha nafasi, umeshafanya nusu ya kazi bila kugusa kamera. Nimewahi kupiga ndoa ambazo umeme ulikatika katikati ya ibada, kwaya ikaendelea kuimba bila vipaza sauti, na picha za kipindi hicho zikawa ndizo nzuri kuliko zote za siku hiyo. Kanisa lilikuwa na giza zaidi, lakini mwanga uliobaki ulikuwa wa aina moja na ulitoka upande mmoja.

Tyubu na globu za LED zina tatizo jingine ambalo halionekani kwa macho. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi zinazotumia umeme huo hupwesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Ukipiga kwa kasi ya shata ya 1/250 au 1/500, picha moja inatoka angavu, inayofuata imefifia, ya tatu ina mistari ya njano na kijivu inayokata gauni. Shusha kasi hadi 1/100, ili kila picha ipate mpweso mzima. Kwa mtu aliyesimama akila kiapo, 1/100 inatosha kabisa. Wakitembea, napandisha na kukubali kwamba baadhi ya picha nitazitupa, isipokuwa kama kamera yenyewe ina mpangilio wa kuzuia kupwesa. Kama yako inao, uwashe na uuache hivyo.

Sasa gauni na uso, jambo ninalolisisitiza kuliko mengine yote. Kipimo cha mwanga cha kamera hudhani kila kinachokiona ni kijivu cha wastani, kile kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Ukikielekeza kwenye gauni jeupe linalojaza fremu, kinadhani mwanga umezidi, kinaupunguza, na uso wa bibi harusi unakuwa kivuli chenye meno. Ukikielekeza kwenye suti nyeusi ya bwana harusi, kinaongeza mwanga na gauni linapoteza nakshi zake zote. Kamera ikiachiwa iamue yenyewe, picha mbili zilizofuatana zitakuwa na nyuso za watu wawili tofauti. Ndiyo maana mle ndani natumia mpangilio wa mkono tu. Napima usoni kwa kipimo cha nukta, nafunga namba zangu, nazibadili tu maharusi wanapohama kutoka mwanga mmoja kwenda mwingine.

Katika kupima huko, ngozi nyeusi ina haki yake. Kwa miaka mingi maabara za picha zilisahihisha rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mweupe, na ngozi yake ndiyo ikawa kipimo cha ngozi ya watu wote. Wazee wetu wanaoonekana kwenye albamu za zamani kama macho na meno tu hawakuwa na kasoro yoyote. Kipimo hakikuwekwa kwa ajili yao. Leo tuna uwezo wa kuweka kipimo chetu wenyewe, na mpiga picha wa hapa asipoufanyia kazi uso mweusi, sijui nani mwingine ataufanyia. Naupa uso mwanga wake kamili, hata kama upindo wa gauni unakaribia kuungua. Napiga faili ghafi, yaani RAW, kwa sababu weupe uliozidi kidogo hurudi wakati wa kusafisha. Uso uliopigwa gizani kisha ukanyanyuliwa kwenye kompyuta hurudi na chenga, na chenga hizo huonekana kwanza mashavuni na chini ya macho. Afadhali ISO 3200 au 6400 iliyopimwa sawasawa kuliko ISO 800 ya kuokolewa baadaye.

Kuhusu lenzi, sasa jibu. Ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8 ndiyo ya bei nafuu inayofaa zaidi kanisani. Ukipata ya 70–200 ya f/2.8, hata ya kukodi, utakaa mbali na altare bila kumkera mtu. Usifungue tundu hadi f/1.8 maharusi wakiwa wamesimama mmoja mbele ya mwenzake, utapata jicho kali la mmoja na ukungu wa mwingine. Mimi hukaa f/2.8, na wasimamizi wakiingia kwenye fremu naenda f/4.

Kuingia kwa bibi harusi kuna mtego wake. Mlango uko wazi nyuma yake, nje jua la mchana linawaka, naye anatokea kama umbo jeusi lililozungukwa na mwanga. Shela inawaka pembezoni, uso hauonekani. Napiga picha moja au mbili za hilo umbo kwa sababu ni zuri lenyewe, kisha nasubiri. Siku ya ukaguzi nilishajua ni benchi la ngapi ambapo mwanga wa dirisha la pembeni unaanza kuuzidi ule wa mlangoni, na hapo ndipo nilipoweka fokasi. Akifika hapo uso unafunguka. Kipimo ni cha uso, mlango nyuma uungue ukitaka. Watu wengi wanapiga picha nyingi mno mlangoni na kuishiwa nafasi pale palipo na mwanga wenyewe.

Vioo vya rangi nyuma ya altare vinahitaji hesabu nyingine. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Dar es Salaam, lililoanza kujengwa 1897, linavyo. Ukisimama katikati ya njia na kupiga moja kwa moja, ama vioo vinatoka vizuri na maharusi wanakuwa weusi, ama maharusi wanatoka na vioo vinakuwa madoa meupe. Piga picha moja pana kwa kipimo cha vioo, ili familia iwe na kumbukumbu ya kanisa lao. Baada ya hapo hamia pembeni, karibu na ukuta, upige kwa mshazari. Nyuma ya maharusi kutakuwa na ukuta uliotulia badala ya dirisha linalowaka, na mwanga wa madirisha ya upande wa pili utawafikia usoni.

Kwenye Kanisa la Christ Church la Mkunazini, Unguja, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, sishauri kupambana na kivuli kabisa. Mwanga pale ni haba na mtulivu, na kulimwagia flashi jengo lenye historia ile naona ni kulikosea. Pandisha ISO, tafuta dirisha, ngoja.

Makanisa mapya ya jukwaani yana shida tofauti: taa za zambarau, buluu na waridi, na skrini kubwa ya LED nyuma ya mchungaji. Rangi hizo hazisahihishiki. Taa ya buluu tupu haina wekundu ndani yake, na kompyuta haiwezi kurudisha usoni kitu ambacho hakikuwahi kuangukia usoni. Mtafute fundi mitambo kabla ya ibada, msalimie vizuri, umwombe wakati wa viapo na pete aache taa nyeupe za mbele peke yake. Kwa kawaida anakubali kwa furaha, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwomba. Mwombe pia skrini ibaki na picha tulivu isiyobadilika rangi.

Mpiga video naye anakuja na taa yake. Tukutane mapema, tukubaliane ataisimamisha wapi na kwa rangi gani. Akiiweka Kelvin 5600 sambamba na mwanga wa dirisha, inatusaidia sote. Akiibeba na kumfuata nayo bibi harusi usoni, kivuli cha pua kinacheza shavuni ibada nzima.

Flashi, pale inaporuhusiwa, usiielekeze usoni. Joto la Desemba, jasho na poda vinageuza paji la uso kuwa kioo. (Mwambie msimamizi wa kike awe na tishu mkononi, hiyo ni sehemu ya taa.) Igeuze ukutani nyuma ya bega lako, mwanga urudi ukiwa mpana na laini. Tazama kwanza rangi ya ukuta: rangi ya maziwa ni nzuri, kijani au buluu itarudi nayo kwenye gauni. Dari ya juu sana haisaidii, kwa sababu mwanga ukienda umbali maradufu unabaki robo, na dari ya mbao nyeusi inaumeza wote. Globu za njano zikiwa ndizo zinazotawala ukumbi, vika flashi karatasi ya rangi ya chungwa ili zilingane, halafu shusha Kelvin hadi karibu 3200.

Na zulia jekundu lile. Jua la dirishani likiliangukia, linapandisha wekundu chini ya kidevu na kwenye upindo wa gauni, na mtu anahangaika kutwa kwenye kompyuta akitafuta kosa la kamera. Dawa ni kuwasogeza hatua mbili, kama bado ni mazoezi. Ibada ikishaanza, jisogeze wewe. Mchungaji au padri akiwa amevaa vazi jeupe, msimamo wake mbele ya maharusi unarudisha mwanga safi kwenye nyuso zao, kwa hiyo dakika za viapo mara nyingi ndizo zenye mwanga bora wa siku nzima. Uwe tayari nazo.

Picha za familia nje ya kanisa zisipigwe kwenye ngazi zenye jua la saa saba. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, jua la saa hiyo linakaa juu ya kichwa na kuchimba mashimo machoni. Rudisha watu barazani au chini ya mwarobaini, pembezoni mwa kivuli, nyuso zikitazama uwazi. Kama mti una matundu yanayomwaga madoa ya jua, usiutumie.

Nyumbani, nasafisha picha kwa makundi ya mahali: mlangoni pamoja, altareni pamoja, nje pamoja, nikianza na rangi ya uso na kuliacha gauni lifuate. Siwang'arishi watu. Bibi harusi akija kuniomba nimfanye mweupe, namwonyesha picha yake iliyopimwa vizuri, ngozi yake ikiwa na kina na mng'ao wake wote, na namwomba aitazame kwa dakika moja kabla ya kuamua. Kabla ya kuchapisha albamu natoa picha chache za majaribio, zikiwemo za ndani zenye giza zaidi, kwa sababu karatasi hutoka nzito kuliko skrini. Na naiandikia maabara wazime marekebisho yao ya rangi ya moja kwa moja, maana mashine ile nayo hutazama gauni kwanza.