Chuma cha ndani ya motere: sababu gani tusikichome ovyo



Mara hii hatusemi juu ya malaria wala maji ya kunywa. Tunasema juu ya chuma. Pengine utauliza: mtu wa dispanseri anatafuta nini ndani ya motere? Sikiliza kwanza.

Siku moja waliniletea vijana wawili wa bobinaje. Kichwa kinawauma, wanatapika. Walikuwa wamechoma motere ya zamani kwa shalumo, katika chumba kisicho na dirisha, ili nyaya za shaba zitoke upesi. Wote wawili walipona. Lakini motere ile ilifungwa nyaya mpya, ikarudishwa kwenye vantilatere ya chini ya ardhi, na baada ya muda mfupi ikaungua. Hewa ikakatika, na watu wa sehemu ile wakapandishwa juu. Moto mmoja ulileta hasara mbili. Moshi unajulikana. Hasara ya pili ndiyo somo letu.

1. CHUMA HIKI NI CHA NAMNA GANI?

Ndani ya motere na transfo, nyaya za shaba zimezungushwa juu ya chuma. Umeme wetu unakwenda na kurudi mara 50 kila sekunde, na sumaku ya chuma sherti igeuke pamoja nao. Kugeuka huko kunakula nguvu kwa njia mbili. Kwanza, chuma kinakataa kugeuzwa, kama mlango wenye kutu. Nguvu ya kukilazimisha inakuwa joto. Pili, ndani ya chuma vinazaliwa vijito vya umeme vinavyozunguka bure, navyo vinaleta joto.

Ndiyo sababu hawaweki pande moja nene la chuma. Wanapanga mabati membamba: ya nusu milimita hivi katika motere nyingi, na ya milimita 0.3 au chini ya hapo katika transfo. Unene ukipungua kwa nusu, hasara ya vijito inashuka mpaka robo. Tena kila bati limepakwa ngozi nyembamba inayozuia umeme kuvuka kwenda bati la jirani. Kumbuka ngozi hiyo.

2. KIWANDA KINAFANYA NINI?

Chuma kinachanganywa na silisiamu, karibu 3 kwa 100. Mwingereza Robert Hadfield na wenzake ndio walioonyesha faida yake mwanzoni mwa karne ya 20. Silisiamu inapunguza vijito. Ikizidi, bati linavunjika kama sahani.

Kaboni nayo inaondolewa, karibu yote. Ikibaki, inajikusanya polepole ndani ya chuma kwa miaka, na motere inazidi kupata joto bila mtu kuigusa. Mafundi wanasema chuma kimezeeka.

Halafu bati linakandamizwa kati ya magurudumu mazito. Kazi hiyo inaliponda, na sumaku yake inakuwa ngumu kugeuka. Kwa hiyo linarudishwa katika tanuru lisiloingia hewa, linapashwa na kupozwa taratibu. Chembe zake zinapangika upya na kukua. Mwaka 1934 Mmarekani Norman Goss alipata hati ya ufundi wa kuzielekeza chembe zote upande mmoja. Mabati ya transfo kubwa mpaka leo yanatengenezwa kwa njia hiyo.

3. NASI TUNAKIHARIBU NAMNA GANI?

Nyundo na mkato mbaya vinaponda tena kile tanuru ilichotengeneza. Meule inapaka chuma cha bati moja juu ya jingine. Sudire inayaunganisha mabati. Njia zote hizi zinafungulia vijito mlango.

Lakini shalumo ndiyo adui mkubwa. Utauliza: kiwanda kinapasha chuma karibu digrii 800, mbona sisi tunakatazwa? Kiwanda kinapasha bila hewa, kwa kipimo, sehemu zote sawasawa, na ngozi ya bati imechaguliwa kuvumilia. Shalumo inachoma mahali pamoja, hewani, bila kipimo. Ngozi inaungua, mabati yanagusana. Ukiitazama motere baada ya bobinaje mpya, ni nzuri kabisa. Ugonjwa uko ndani.

4. YA KUSHIKA KATIKA ATELIE

– Choma nyaya za zamani katika tanuru lenye kipimo na bomba la kutoa moshi. Chuma chenye ngozi ya vernisi kisipite digrii 370.
– Pima chuma kabla ya kuchoma na baada ya kuchoma. Sehemu moja ikipata joto kuliko nyingine, usifunge nyaya mpya; mwite shefu.
– Usipime joto kwa mkono. Tumia kipimajoto.
– Motere iliyotoka bobinaje na inayopata joto kuliko zamani, iandike katika kitabu cha kazi siku hiyohiyo.

5. YA KUSHIKA NYUMBANI

Mama, watoto wasichome nyaya uani ili kuuza shaba. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoshika damu na kuizuia kubeba hewa. Plastiki ya nyaya nyingi inatoa pia asidi inayounguza koo na mapafu. Mtu akiumwa kichwa, akizunguzwa au akitapika karibu na moshi, mtoe nje kwenye hewa, mlaze, umlete lopitali upesi. Msimpe maziwa: hayaondoi gesi katika damu, na mtu aliyelegea yanaweza kumpalia.

Ndugu wa bobinaje, shalumo inakupa saa moja ya mapumziko. Kule chini, rafiki yako anapumua kwa motere uliyoitengeneza.