Siri na Hatia katika Riwaya ya Upelelezi

Wanafunzi wengi wakiulizwa swali kuhusu riwaya ya upelelezi husimulia kisa chote, tangu kifo hadi muuaji anapojulikana. Huo ni muhtasari, si uchambuzi. Katika somo hili utachambua kipengele kimoja, yaani siri, kwa kutumia riwaya ya The Murder of Roger Ackroyd ya Agatha Christie, iliyochapishwa Uingereza mwaka 1926.

Kisa kwa ufupi

Mandhari ni King's Abbot, kijiji kidogo ambacho kila mtu anamjua mwenzake. Bi Ferrars, mjane tajiri, anafariki kwa kuzidisha dawa ya usingizi. Kumbe alimuua mumewe kwa sumu, na mtu aliyeijua siri hiyo alikuwa akimtoza fedha ili anyamaze. Kabla ya kufa, anamwandikia mchumba wake, Roger Ackroyd, barua ya kumtaja mtu huyo. Usiku barua inapofika, Ackroyd anachomwa kisu na barua inatoweka. Hercule Poirot, mpelelezi mstaafu aliyehamia kijijini kulima mamumunye, anaombwa msaada.

Nani anaficha nini?

1. Ralph Paton, mtoto wa kambo wa Ackroyd, amemuoa kwa siri Ursula Bourne, mtumishi wa nyumba hiyo.
2. Flora, mtoto wa ndugu yake Ackroyd, ameiba pauni 40 chumbani mwa Ackroyd.
3. Bi Russell, msimamizi wa nyumba, ana mtoto aliyemzaa nje ya ndoa.
4. Dkt. Sheppard, daktari wa kijiji na msimulizi wa riwaya, ndiye aliyemtoza fedha Bi Ferrars, na ndiye muuaji.

Uchambuzi

Zingatia: kuwa na siri si kuwa na hatia ya mauaji. Wahusika watatu wa kwanza wanaficha mambo yao kwa aibu au hofu, lakini kwa kuficha wanashukiwa. Hapo mwandishi anajenga taharuki: msomaji anamshuku huyu, kisha yule, huku muuaji akiwa mbele ya macho yake.

Siri pia zinabeba dhamira. Caroline, dada yake daktari, hukusanya habari za kijiji kizima kutoka kwa watumishi na muuza maziwa. Palipo na umbea wa namna hiyo, aibu ndogo hufichwa kama kosa kubwa. Bi Ferrars anaonesha hatari yake: aliyeijua siri yake alimfanya mateka.

Upande wa fani, tazama usimulizi wa nafsi ya kwanza. Tunamwamini Sheppard kwa sababu ni daktari na anamsaidia Poirot. Anatueleza alivyoachana na Ackroyd usiku ule, lakini anaziruka dakika za mauaji. Kwa hiyo, unaposoma "mimi", jiulize msimulizi amenyamazia nini.

Kosa la kuepuka

Usiandike: "Katika riwaya hii kuna siri nyingi." Taja siri, mwenye siri, sababu ya kuificha na athari yake. Mfano: "Ndoa ya siri ya Ralph inamfanya ajifiche baada ya mauaji, hivyo shaka inamwangukia na macho ya msomaji yanahama kutoka kwa Sheppard." Hoja ya namna hii ndiyo inayompa mtahiniwa alama.

Zoezi

1. Eleza tofauti ya siri ya Flora na siri ya Sheppard.
2. "Msimulizi anaweza kudanganya bila kusema uongo." Jadili.
3. Muhammed Said Abdulla alimtumia mpelelezi Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Kama umeisoma, chagua mhusika mmoja anayeficha jambo, kisha umlinganishe na mmoja wa King's Abbot.